Sauti Nne za Mwalimu Elikana

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mwalimu Elikana ni namna anavyoitikia salamu. Siku niliyokwenda kuomba kujiunga na kwaya nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya ukumbi wa parokia, hapa Mwanga, Kigoma. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Hakusema neno. Aliweka kiganja cha mkono wa kulia kifuani, akakiacha hapo kwa muda, kisha akainamisha kichwa taratibu. Nikadhani hakunisikia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wanakwaya waliokuwa karibu wakageuka kunitazama. Mama mmoja mwembamba aliyekuwa anakunja vitambaa vya altare akaniambia, "Ameshakuitikia, mwanangu. Hiyo ndiyo marahaba yake siku hizi."

Mama huyo ni mke wake, Catherine, ambaye sote tunamwita Mama Ritha. Baada ya hapo ndipo nilipoona kitambaa cheupe kilichofungwa shingoni mwa Mwalimu, na kujua kwamba chini yake kuna tundu dogo analopumulia. Alikuwa amefanyiwa upasuaji Mwanza. Madaktari waliondoa ugonjwa pamoja na kisanduku cha sauti. Alipona, lakini hasemi tena. Husema kwa chaki, kwenye ubao mdogo wa mbao anaotembea nao kwapani, na kwa midomo, ambayo anayeweza kuisoma ni mkewe peke yake.

Ninaandika habari zake kwa sababu nimekaa naye karibu katika miezi hii, nami nimeona kwamba maisha ya mtu asiyejulikana nje ya mtaa wake yanaweza kuwa na jambo linalostahili kusimuliwa.

Mwalimu Elikana alizaliwa Kidahwe, katika nyumba ya wakulima wa mihogo na maharage. Alisomea ualimu, akafundisha shule za msingi hadi alipostaafu. Mama Ritha ni mzaliwa wa Ilagala, kando ya ziwa, naye hachoki kumtania mumewe. "Mimi nimekulia kwenye migebuka," husema, "huyu nimemfundisha mimi kutoa mwiba wa samaki kinywani. Mtu wa mihogo!" Mwalimu hutabasamu. Zamani, naambiwa, angemjibu, na nyumba nzima ingecheka.

Kwa zaidi ya nusu ya maisha yake amekuwa mwalimu wa kwaya yetu, na namna yake ya kufundisha haikuwa ya kawaida. Walimu wengine huandika do-re-mi ubaoni na waimbaji huzisoma. Yeye aliziacha mapema. Waimbaji wake ni wavuvi, washonaji, wauza mitumba na wakulima. Wengi wao huongea Kiha au Kirundi nyumbani, na Kiswahili huja baadaye. Do-re-mi ziliwachosha, lakini masikio yao yalikuwa makali. Basi Mwalimu alipotunga wimbo, aliuimba mwenyewe wote. Aliimba sauti ya kwanza ya wanawake, akairekodi kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Akaimba sauti ya pili juu yake. Akaimba ya tatu, kisha ya nne, ile besi. Kila kundi lilipewa sauti yake kwenye simu, likajifunza huku likifanya kazi. Mpaka leo ukipita Kibirizi asubuhi unaweza kumsikia mama anageuza dagaa juani huku anafuatisha sauti ya pili inayotoka kwenye simu aliyoifunga kwenye kanga.

Na kila alipomaliza kuimba sauti moja, kabla hajazima, Mwalimu alizungumza na kundi lile. Aliwaambia wapi wasikimbie, wapi wavute pumzi, nani alichelewa Jumapili iliyopita na aache tabia hiyo. Waimbaji waliyapenda maneno yale kuliko hata wimbo. Protais, mwimbaji wetu wa besi, bado anaigiza mojawapo: "Besi, nyinyi ni nguzo, si ng'ombe. Msilie, mwimbe."

Protais huyohuyo, aliyenibandika jina la Msomi, ndiye aliyeniambia siku yangu ya pili kwenye kwaya, "Msomi, umechelewa kuzaliwa. Ungemsikia Mzee anaimba sauti ya kwanza! Kasauti kembamba, mpaka mbuzi wa jirani wanaitikia." Kisha akatazama pembeni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kichogo, ile yenye skrini nzito, pamoja na sanduku lake la chuma. Mwalimu aliinunua zamani, ofisi moja ilipokuwa inabadilisha vifaa vyake. Ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma alichokitengeneza Mama Ritha. Maikrofoni yake ilivishwa soksi safi ili pumzi isivume.

Ugonjwa ulianza kama mafua yasiyokwisha. Sauti ilikwaruza, ikakwaruza zaidi. Alipofika Mwanza daktari alimweleza wazi kitakachoondolewa na kitakachobaki. Mwalimu aliomba arudi kwanza nyumbani kuweka mambo yake sawa, na ndugu wakadhani anakwenda kugawa shamba. Hakugusa habari ya shamba. Alikaa mbele ya kompyuta, akarekodi wimbo mpya wa Pasaka, habari ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri wakiulizana nani atawaondolea lile jiwe. Aliimba sauti ya kwanza mapema, koo likiwa bado linaruhusu. Ya nne aliimba siku ya mwisho, mvua ikipiga bati, kwa koo lililokuwa limebaki chini tu. Baada ya kila sauti alisema maneno yake kama kawaida. Kisha akazima, akamwambia mkewe, "Nikirudi nitaziunganisha," akapanda gari.

Aliporudi, kompyuta nayo ilikuwa inaumwa. Feni yake ilinguruma, na sanduku likipata joto ilizimika yenyewe. Mwalimu aliwasha, akafungua wimbo, na kabla haujafika katikati skrini ikawa nyeusi. Aliogopa kwamba siku moja haitawaka kabisa. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameusikia wimbo ule. Mama Ritha aliusikia vipande vipande akiwa jikoni, naye hakujua sauti zile hukutana wapi. Tulichokuwa tunajua sote ni kwamba ndani ya sanduku lile kuna wimbo wa mwisho wa Mwalimu, na maneno ya mwisho aliyotusemesha kwa kinywa chake.

Binti yao, Ritha, ni muuguzi Dodoma. Mama yake alipompigia simu akamweleza, alinunua kompyuta mpakato mpya, akampa mtu aliyekuwa anakuja Kigoma kwa treni. Ilifika ndani ya boksi lake, na Mama Ritha hakuruhusu boksi litupwe. "Nyembamba hivi!" alisema akiigeuza. "Hii si ya kufunika kitambaa. Hii ni ya kuweka kwenye mkoba kama Biblia."

Mwalimu alihamisha vitu vyake mwenyewe, kwa flashi, na hapa inanibidi nieleze sheria moja ya mtaa wetu. Flashi za Mwanga hazina mwenyewe. Moja hutoka kanisani, ikaenda kwa mpiga picha wa harusi, ikapita kwa mchapishaji, ikarudi kwaya, na njiani huokota virusi. Mwalimu aliwahi kupoteza kazi zake mara mbili kwa sababu hiyo, na tangu siku hizo alijiwekea amri: folda yoyote ambayo hukuiunda wewe, yenye vijifaili vya majina yasiyosomeka, ni uchafu. Ifute. Aliifundisha amri hiyo hata kwa wengine, na iliwaokoa wengi.

Basi alichagua nyimbo zake kwa majina. Zilipangika vizuri, kila wimbo na jina lake, nazo zilihama haraka ajabu. Alifurahi. Kandokando ya kila wimbo palikuwa na folda iliyojaa vijifaili vidogo vyenye majina ya herufi na tarakimu zilizochanganyika. Hizo aliziacha. Na kwa kuwa alitaka kumpa mtu kompyuta ya zamani ikiwa safi, alizifuta zote, akamwaga na pipa la taka la kompyuta.

Kompyuta ile alimpa Protais. Protais ana watoto sekondari, na anaishi Kidahwe karibu na mama yake mzazi. Mwalimu alisema, kwa chaki, kwamba kwa mtu anayeandika tu bila kuichosha, mashine ile bado inafaa. Protais aliifunga kwenye bodaboda kwa mipira, akaishika kwa mikono miwili njia nzima.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mwalimu alituita viongozi wa sauti nyumbani kwake, nami nikiwa nimeshakabidhiwa sauti ya tatu. Protais hakuwepo, mvua zilikuwa zimekata barabara ya shambani kwake. Mama Ritha aligawa chai ya rangi na mihogo. Mwalimu akafungua laptopu, akabonyeza jina la wimbo. Kwenye skrini ikatokea mistari minne, mmoja kwa kila sauti. Yote ilikuwa imenyooka, bila wimbi hata moja la sauti. Alibonyeza tena. Kialama kidogo kilitembea kutoka kushoto kwenda kulia, na hakuna kilichosikika.

"Spika labda," akasema Mama Ritha.

Tukapandisha spika. Tukachomeka nyingine. Mwalimu akafungua wimbo wa zamani, nao ukawa kimya. Akafungua mwingine. Zile za zamani tulikuwa nazo kwenye simu zetu. Huu mpya haukuwa kwenye simu ya mtu yeyote.

Mama Ritha akajaribu kumtoa wasiwasi kwa namna yake. "Basi imekuiga wewe, baba. Sasa mko wawili wa kimya ndani ya nyumba moja: wewe na hii." Lakini hakungoja tucheke, akaingia jikoni, na tulimsikia akifungua maji ambayo hakuyahitaji.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza Mwalimu kwa Yassir. Yassir ni fundi wa kompyuta na simu pale sokoni Mwanga, kijana wa Ujiji, mwenye maneno mengi na mikono mitulivu. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimegongana, kwa hiyo tulimkuta amefunga, midomo mikavu.

"Shikamoo, Mwalimu. Msomi, mambo? Leteni mgonjwa." Akatazama skrini kidogo tu. "Aa. Hili ni ganda, Mwalimu. Karanga hazimo."

Mwalimu akainua nyusi.

"Faili hii haina sauti. Yenyewe inasema tu sauti ziko wapi. Sauti zimekaa pembeni, kwenye folda yake, zimekatwakatwa vipande vidogo. Folda ina jina lilelile la wimbo. Iko wapi?"

Mwalimu alitoa ubao. Chaki ilivunjika mara moja. Aliandika: *Nilifuta. Nilidhani virusi.*

Yassir aliusoma ubao, akaacha utani. "Ulifuta kwenye ile ya zamani? Iko wapi sasa? Sikiliza, Mzee wangu. Kitu kikifutwa hakiondoki palepale. Kinabaki kimelala mpaka kingine kiwekwe juu yake. Kama hakuna aliyeiwasha, kuna matumaini. Kama watoto wameshajaza sinema na magemu..." Hakumalizia.

Nilimpigia Protais. Simu haikupatikana. Nikapiga tena na tena. Mwishowe Yassir alifunga duka, akasema, "Twendeni. Na njaa yangu hii, nikinyamaza njiani msidhani nimekufa." Tukakodi bajaji hadi Kidahwe, tope likiruka mpaka kwenye paa. Mwalimu alikaa katikati yetu, ubao magotini.

Protais alitupokea uwanjani, ameshika jembe. Aliposikia nilichomwuliza alicheka. "Kuiwasha? Nani ataiwasha? Muulizeni Mama."

Mama yake, Bi Manariyo, alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Ni mtu wa Burundi aliyevuka akiwa msichana na kuzeekea hapa. Alitukaribisha, akaelekeza kidole ndani. Kompyuta ilikuwa juu ya mkeka mpya, imefunikwa kanga, waya wake umekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Haikuwa imeguswa tangu iteremke kwenye bodaboda.

"Kwetu," alisema Bi Manariyo, "mtu akikupa ng'ombe, humkamui kwanza. Unarudi kwake na pombe ya ndizi na watu wako, mnamshukuru, ndipo ng'ombe anakuwa wako. Huyu si ng'ombe, najua. Nimeona televisheni mimi. Lakini ni zawadi kubwa kutoka kwa mkubwa. Nikawaambia watoto, asiiguse mtu."

"Nikamwambia, Mama, tukamshukuru basi," Protais akadakia. "Akasema, Kwaresima hii nani anapika pombe? Tungoje Pasaka. Watoto wamelia, wamechoka."

Yassir alifumba macho, akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya chini.

Lakini bado palikuwa na kazi. Mwalimu alikuwa amekuja kudai alichokitoa, na kila aliyekuwa pale alijua jambo hilo linavyoonekana. Aliandika ubaoni, Protais akamsomea mama yake: "Anasema anaomba kuiazima."

Bi Manariyo aliacha maharage. "Kuazima? Zawadi huazimwa na aliyeitoa?"

"Hatuchukui yote, Bibi," akasema Yassir. "Kuna kitu kimoja tu ndani, kidogo kama kitabu cha sala. Sanduku na skrini vinabaki."

"Unachukua ini, unatuachia ngozi."

"Nitawaletea ini jingine, Bibi. Zima kabisa."

"Wewe sikujibu wewe, mjukuu wangu. Mwenye zawadi ni huyu. Mwacheni aseme mwenyewe anachotaka."

Mwalimu alisimama mbele ya mama yule, mkono kwenye ubao, kifua kikipanda na kushuka, na hewa ikipita chini ya kile kitambaa cheupe kwa mlio mdogo. Protais aliinama sikioni mwa mama yake. "Mama, hawezi. Nilikwambia walimkata. Alichokifuata humo ni sauti yake."

Bi Manariyo alimtazama Mwalimu kwa muda mrefu. "Nilidhani ni koo tu, kwamba litapona," alisema. "Huyu si ndiye aliyeimba tulipomzika baba yenu? Mvua inanyesha, watu wote wamekimbilia chini ya migomba, yeye amesimama anaimba peke yake mpaka tukarudi?"

"Ndiye."

Akainuka kwa kushikilia mlango, akaingia, akaiondoa kanga mwenyewe. "Ichukueni," alisema. "Lakini shukrani yangu iko palepale. Pasaka nitakuja nayo."

Yassir alifungua sanduku kwa bisibisi pale pale mkekani, akatoa diski, akaifunga ndani ya kanga ile.

Alichokipata kilikuja kama shanga zilizokatika uzi. Vilikuwa vipande vya sekunde chache chache, maelfu, bila majina, nyimbo za miaka yote zimechanganyika. Yassir alivihamishia kwenye laptopu mpya, akamwonyesha Mwalimu namna ya kusikiliza, kuchagua na kupanga. "Mimi naweza kufufua," alisema, "kupanga siwezi. Wimbo sijawahi kuusikia. Anayeujua ni mmoja."

Tangu siku hiyo sebule ya Mwalimu imekuwa karakana. Tulianza sisi, viongozi wa sauti. Nyimbo za zamani tunazijua kwa moyo, kwa hiyo kila kipande cha wimbo wa zamani tulikitoa. Vilivyobaki ndivyo vya wimbo mpya. Hivyo alivipanga yeye, hedifoni masikioni, siku baada ya siku. Sijawahi kuona kazi kama ile. Alikuwa anasikiliza neno moja la nafsi yake, nusu ya neno, pumzi tupu, anaikumbuka, anaitafutia mahali pake. Mara nyingine aliondoa hedifoni, akatoka nje, akasimama uani akitazama upande wa ziwa. Tulimwacha.

Mama Ritha ndiye aliyetusaidia kwenye sauti ya pili. Kipande kimoja kilikuwa na mlio wa chuma kikianguka, tukataka kukitupa. "Hapana!" alisema. "Hicho ni kifuniko cha sufuria. Kiliniponyoka alipofika kwenye 'nani atatuondolea'. Wekeni hapo." Na kweli kipande kilichofuata kilikuwa ni Mwalimu, ameacha kuimba, anafoka: "Mama Ritha! Jamani, mama!" kisha anacheka.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Mama Ritha aliomba kirudiwe. Kikarudiwa. Akasema, "Siku ile nilinuna mpaka jioni. Sasa nifokee mara moja tu, baba, ninune tena." Mwalimu alimshika mkono.

Sauti ya kwanza ilikamilika, na mwisho wake tulisikia: "Dada zangu, wale wanawake walikuwa na hofu, lakini walikwenda. Imbeni mnakwenda." Mwisho wa sauti ya pili aliomba msamaha wa kifuniko. Mwisho wa ya tatu, ambayo ni yangu, alisema, "Mkifika kwenye jiwe msikaze. Jiwe haliondolewi na nyinyi." Niliyaandika maneno hayo ukutani, juu ya kitanda changu.

Sauti ya nne ilikuwa na mvua. Mwanzo wake ni manyunyu, katikati bati linavuma, na Mwalimu aliutumia ukubwa wa mvua kujua kipi kinatangulia. Kwa njia hiyo aliupanga wimbo mpaka noti ya mwisho. Baada ya noti ile kuna pumzi, kuna mvua kubwa, na sauti yake iliyochoka inasema, "Sasa besi, na nyinyi wote..." Hapo panakatika. Kilichofuata hakikuwemo kwenye vipande vya Yassir.

Wimbo tunao. Tumeufanyia mazoezi na tutauimba kwenye Mkesha wa Pasaka, hata kama hakitapatikana kitu kingine. Protais alithubutu kumwambia Mwalimu, "Mzee, si utuandikie tu ulichosema? Wewe unakumbuka." Mwalimu alikaa na chaki mkononi, akafikiri. Kisha akaandika: *Nilisema nikiwa na sauti. Nikiandika leo, ni maneno mengine.* Mama Ritha aliongeza, "Nami sikusikia. Mvua ile! Nilikuwa jikoni nasogeza ndoo. Miaka yote hii ananisemesha, na siku ya mwisho nikasikia bati."

Yassir alichukua diski tena. Alisema kuna njia nyingine, ya polepole, inayochimba chini zaidi, na hakuahidi kitu.

Leo ni Jumamosi Kuu. Saa saba mchana amepiga simu. Amepata vipande vingine vichache, vyote vina mvua. Kwenye viwili kuna mtu anaongea. Hakutaka kuvisikiliza hadi mwisho. "Si vyangu," aliniambia. "Naswali, kisha natoka Ujiji na bajaji. Mwambie Mwalimu anisubiri."

Tuko sebuleni. Protais amefika na mama yake, aliyevaa kitenge kipya na kubeba kibuyu ambacho amesema hakifunguliwi kabla ya kesho. Mwalimu amefungua laptopu, ameweka kialama mahali wimbo unapokatika. Mama Ritha ameketi karibu naye kabisa, ameinamisha kichwa upande wa spika, na kila bajaji inapopunguza mwendo barabarani anainuka nusu, anatazama dirishani, anaketi tena.